Kisanduku Kinajibu: Nipo

Leo asubuhi nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya meza ya ofisi ya maji, tochi nimeiuma kwa meno, natafuta tundu la kupitisha waya. Mjomba alikuwa amesimama juu ya kiti, ananielekeza.

"Kushoto, Kobe. Kushoto kwako, siyo kwangu."

Ananiita Kobe kwa sababu watu wakija naingiza kichwa ndani. Ni kweli. Mtu akinisalimia tu, ulimi unakuwa mzito kama umefungwa jiwe. Ndiyo maana mimi na mjomba tuna utaratibu wetu. Kukiwa na watu na nina jambo la kumwambia, namtumia ujumbe, hata kama amekaa pembeni yangu. Simu yake inaita kidogo, anasoma, halafu ananijibu kwa mdomo kana kwamba nimeongea. Mama hapendi. Anasema siku moja nitaomba chumvi mezani kwa simu.

Mjomba ni mdogo wake mama. Kazi yake ni kufunga mitandao, nyumbani kwa watu na maofisini, na Jumamosi huwa nafuatana naye kwa sababu mikono yangu ni midogo, inaingia nyuma ya makabati. Leo kazi ilikuwa ya kwetu sana, maana aliyekuwa anafungiwa ule mtandao, ukweli wa mambo, ni baba.

Ofisi ya maji ni chumba kimoja juu ya kilima. Ukitoka nje ukashuka ngazi za mawe mpaka chini kabisa, unafika kwenye nyumba ya pampu, ukingoni mwa mto. Baba ndiye mlinzi wa pampu, na usiku analala hukohuko. Kule chini ni kama ndani ya chungu, simu haishiki laini yoyote. Kinachofika ni wai-fai ya ofisi tu, inashushwa na antena iliyofungwa juu ya bati. Bila hiyo, baba yuko peke yake na pampu inayonguruma mpaka huwezi kumsikia mtu aliye mlangoni.

Sasa, mto wenyewe. Mbali huko juu unakotokea kuna nguzo imesimama katikati ya maji, ina kipimo. Mvua ikinyesha kule, huku kwetu tunaweza kuwa tunaanika nguo, hatujui lolote. Maji yakipanda, kipimo kinatuma habari kwenye intaneti, ruta ya ofisi, kile kifaa kinachogawa mtandao, inazipokea, inazishusha kwa antena, na king'ora cha nyumba ya pampu kinalia. Baba anazima pampu, anapanda ngazi. Walio kwenye nyumba za ukingoni nao wanasikia, wanatoka. Ndiyo mpango mzima.

Tatizo lilikuwa intaneti kukatika. Kwa hiyo mjomba akaweka njia mbili. Ya kwanza ni ya faiba, waya wa intaneti unaotoka barabarani, inaingia kwenye kisanduku cheupe kilichopigiliwa ukutani, na kutoka hapo waya mfupi unaenda kwenye ruta juu ya kabati. Ya pili ni kifaa kidogo chenye laini ya simu, kimechomekwa kwenye ruta hiyohiyo, kinakaa tu.

"Huyu ni mchezaji wa akiba," mjomba alinieleza siku ya kwanza. "Amevaa viatu, amekaa kwenye benchi. Ruta ndiyo kocha. Kila baada ya muda mfupi inamuuliza aliye uwanjani: upo? Akijibu nipo, sawa. Akikaa kimya, inamwingiza wa akiba. Yenyewe, bila mtu kugusa kitu."

"Inamuuliza nani?" nilimwandikia.

"Swali zuri, Kobe. Inamuuliza yule unayemwambia imuulize."

Mwanzoni aliiambia iulize kompyuta moja ya mbali sana, huko nje kabisa kwenye mtandao. Ikawa balaa. Jioni watu wote wakiwa kwenye intaneti, faiba inajaa, jibu linachelewa, ruta inadhani njia imekufa. Inahamia kwa wa akiba. Kidogo faiba inajibu, inarudi. Inahama tena. Na king'ora kilikuwa kimepangwa kulia hata kikipoteza mawasiliano, si maji tu. Basi wiki nzima iliyopita kilikuwa kinalia kama mtoto anayeota meno. Watu wa ukingoni wanatoka na watoto mgongoni, na masufuria kichwani, wanafika juu wanaangalia mto, mto uko palepale unawashangaa. Walimtukana baba. Walimpa jina, Mzee Ving'ora, na watoto wanamfuata nalo njiani.

Na baba goti lake la kulia ni bovu. Kila king'ora kikilia, anapanda ngazi zote zile. Juzi alifika juu akakaa chini, akashika goti kwa mikono miwili. Mjomba alikuwepo. Nilimwona mjomba anavyomtazama.

Ndiyo maana leo asubuhi alibadilisha. Nilikuwa nimeshatoka chini ya meza, nimesimama nyuma yake, naona kwenye kompyuta. Alifuta anwani ya ile kompyuta ya mbali, akaandika anwani ya kisanduku cheupe. Kile cha ukutani. Ukinyoosha mkono ukiwa umesimama karibu na kabati unakigusa.

"Huyu hachelewi kujibu," alisema. "Yuko hapahapa. Ruta itatulia, na shemeji atapumzika."

Halafu akaingia sehemu nyingine, akaondoa ile ya king'ora kulia mawasiliano yakipotea. "Njia ziko mbili. Mawasiliano yatapoteaje?"

Baba alikuwa amepanda kuja kuona. Meneja wa maji alikuwepo pia, amekaa kwenye kiti chenye magurudumu, anajizungusha. Ni mtu mzuri ila ana haraka. Alikuwa na suti, anakwenda harusini.

"Mtaalamu," meneja alisema, "mimi sitaki maneno mengi. Nataka king'ora kinachojua kunyamaza."

"Ndicho hicho, bosi. Angalia."

Mjomba akaushika ule waya mfupi, unaotoka kwenye kisanduku kwenda kwenye ruta, akauchomoa. Sote tukakodolea macho kompyuta. Taa ya ruta ikawa nyekundu. Ikakaa. Meneja akaacha kujizungusha. Halafu kifaa cha laini ya simu kikaanza kumetameta, na namba za kipimo cha mto zikarudi kwenye kioo, zinasogea kama kawaida. Wa akiba ameingia.

Baba alipiga makofi. Baba! Meneja naye akapiga, akasema, "Mambo si hayo!" Mjomba akainama kama msanii jukwaani.

Mimi nilikuwa natazama waya ulio mkononi mwake. Nilikuwa nafikiria ule mwingine, mrefu, unaotoka kwenye kisanduku kwenda nje, kwenye nguzo, unashuka ardhini, unakwenda kando ya barabara mpaka sijui wapi. Nilitoa simu nikamwandikia: *Na ukikatika barabarani? Kisanduku si bado kitasema nipo?*

Simu yake ikalia. Akasoma. Nikaona tiki zangu zimekuwa za bluu. Alinitazama, akafungua mdomo, lakini meneja alikuwa ameshasimama, anatafuta funguo, anasema twendeni nifunge, bibi harusi hanisubiri mimi. Mjomba akauchomeka tena waya mahali pake, akaandika haraka, mara ya kwanza ananijibu kwa maandishi tukiwa chumba kimoja: *Kobe, kesho. Leo acha wafurahi.* Na kikatuni cha kicheko mwishoni.

Ningeweza kuongea. Meneja alikuwa mlangoni, baba alikuwa anatabasamu, na mimi ulimi ulikuwa palepale unapokaa siku zote.

Meneja akafunga. Funguo ziko kwake tu.

Kuna kitu kingine. Mama alikuwa ametuma godoro. Kwa muda wote huo baba alikuwa analala kwenye kiti cha plastiki, mlangoni kwa nyumba ya pampu, viatu miguuni, mfuko wa nguo mapajani. Analala jicho moja. Asubuhi mama alisema, kama mtambo umepona kweli, baba yenu alale kama binadamu. Basi baba na mjomba walilishusha lile godoro kwenye ngazi, mmoja mbele mmoja nyuma.

"Shemeji, umelishika au linakushika?" mjomba anacheka.

"Wewe shika huko, usinitupe mtoni kabla ya mshahara."

Niliwafuata nyuma mpaka chini. Walilitandika kwenye kona ya ndani kabisa, nyuma ya pampu, kwenye ukuta usio na dirisha. Baba akavua viatu, akajilaza kidogo kujaribu, mikono chini ya kichwa. "King'ora kikinyamaza, nimelala," alisema. "Kikilia, nimeamka. Mimi na yeye tumeelewana."

Hiyo ndiyo picha niliyoondoka nayo. Viatu vyake vimepangwa vizuri kando ya godoro, kamba zimefunguliwa.

Mchana mjomba alikwenda kazi nyingine, mtaa wa mbali, kufunga antena kwenye ghorofa. Mimi nikatumwa sabuni na mkaa. Njiani, pale barabara inapopinda, walikuwa wanachimba mtaro. Kuna lile tingatinga la njano lenye mkono, linachota udongo, linamwaga pembeni. Watu wamesimama kuangalia, kama kawaida ya watu.

Nilikuwa nimeshapita. Kisha nikaona kitu cheusi kimechomoza kwenye udongo, kama mkia. Kimekatika, kwa ndani kina nyuzi nyembamba zinazong'aa. Fundi mmoja mwenye kofia ya chuma alikipiga kwa koleo, akakisukuma pembeni.

"Hiyo nini?" mwenzake aliuliza.

"Waya wa zamani huo. Ungekuwa na kazi, si tungesikia kelele?"

Wakacheka. Nikafuata kwa macho. Upande mmoja ulikuwa unaingia kwenye ukuta wa mtaro, unaelekea huko mjini. Upande wa pili unatokea chini ya nguzo, na kutoka kwenye nguzo hiyo unapanda, unavuka, nguzo hadi nguzo, mpaka juu ya kilima. Kwenye kilima kuna jengo moja tu.

"Samahani, kaka," nilisema.

Tingatinga lilinguruma. Hakunisikia. Nikasema tena, nadhani nilisema, midomo ilicheza. Yule fundi akaniona, akanipungia mkono nisogee, nisije nikaangukiwa na udongo. Nikasogea.

Nilipoinua kichwa ndipo nikaona upande wa juu, kule mto unakotokea. Huku kwetu jua lilikuwa linawaka. Kule mbingu ilikuwa imeshuka mpaka chini, nyeusi ya kuelekea kijani, haina mwanga wa radi wala mngurumo. Imekaa tu.

Nilimtumia mjomba ujumbe. *Waya umekatwa barabarani.* Tiki mbili za kijivu, hasomi. Yuko juu ya ghorofa, mikono imejaa. Basi nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya maisha yangu yote. Nikampigia.

"Kobe?" Nikasikia upepo. "Wewe umepiga simu? Nani amekufa?"

"Waya," nilisema. "Waya wa ofisi. Wameukata. Tingatinga."

"Sawa, usiogope, wa akiba ataingia. Tumejaribu mbele yako."

"Mjomba, ruta inakiuliza kisanduku." Watu walikuwa wananiangalia. "Kisanduku kiko ukutani. Kina umeme. Taa yake inawaka. Ruta inakiuliza upo, kinajibu nipo. Kocha hajui. Wa akiba bado yuko kwenye benchi."

Upepo tu.

"Na king'ora umekiondolea ile ya kulia mawasiliano yakipotea."

Nikasikia kitu cha chuma kikianguka.

"Mjomba?"

"Nakusikia." Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Mbingu huko ikoje?"

Nikamwambia.

Alitukana, siyo mimi, alijitukana mwenyewe. Akasema ngoja. Akakata. Baadaye akapiga: amejaribu kuingia kwenye ruta kwa mbali, hapiti. Kwa kweli angepitaje, njia ya kupitia ndiyo hiyo iliyokatwa. Meneja simu imezimwa. Harusi. Akasema anashuka, anachukua pikipiki, anakwenda moja kwa moja kwa baba. "Usimwambie mama yako, ana presha. Nitafika kabla jua halijazama."

Nilirudi nyumbani na mkaa. Sabuni nilisahau.

Mama alikuwa uani anachambua mboga, mdogo wangu anamzunguka na gari lake la kopo. Mama alikuwa na furaha. Aliimba hata. Mawingu yalikuwa yameanza kufika na huku, na upepo wa baridi ukaleta harufu ya udongo uliolowa wa mahali pengine.

"Mama," nilisema. "Kule juu inanyesha."

"Naona. Si wameshatengeneza?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi, mwanangu, usinitie wasiwasi. Ingekuwa mbaya king'ora kingelia. Sikiliza." Akainua kidole, kisu bado mkononi. "Umesikia kitu? Hakuna. Kimya. Leo baba yako analala, na mimi nalala."

Jirani yetu akaitikia kutoka upande wa pili wa ukuta, "Hata mimi leo sifungi mizigo. Mzee Ving'ora amepona!" Wakacheka wote wawili. Niliangalia nyumba za ukingoni. Nguo zilikuwa bado kwenye kamba. Watoto walikuwa wanacheza mpira chini kabisa, pale kwenye mchanga.

Jua lilizama, mjomba hakupiga. Nikampigia, inaita, hapokei. Nikampigia tena, haipatikani kabisa. Kule chini hakuna laini, nikajiambia. Ameshafika, ndiyo maana haipatikani. Hiyo ni habari nzuri. Nilijiambia hivyo mara nyingi.

Mdogo wangu alipolala, nikafungua dirisha la chumbani. Kutoka dirisha letu siku zote unasikia mto. Kuna mawe makubwa pale chini ya nyumba ya pampu, maji yakipita yanapiga kelele, nimezaliwa nikiisikia, siisikii tena mpaka nitege sikio. Baba aliniambia nikiwa mdogo kitu gani kinamtisha. Siyo kelele. Maji yakiwa machache yanagongana na mawe, alisema, yanapayuka. Yakipanda juu ya mawe, kelele inaisha. Hapo ndipo mimi naanza kutafuta viatu.

Nilitega sikio.

Nilisikia feni ya jirani. Nilisikia mbwa. Pampu ilikuwa inanguruma kule chini, bila kupumzika, na mtu aliyelala nyuma yake hawezi kusikia kingine chochote. Mawe sikuyasikia.

Nilikwenda chumbani kwa mama, nikamwamsha. Sikuandika, nilisema kwa mdomo, yote, kuanzia kisanduku mpaka mawe. Mama alikaa kitandani akanisikiliza bila kunikatiza. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo mfululizo. Nilipomaliza aliinuka. Alijifunga kanga juu ya gauni la kulalia, akachukua tochi. Mlangoni akageuka.

"Mdogo wako asiamke akakuta hakuna mtu. Usitoke. Umenisikia? Usitoke."

Nikamsikia anagonga kwa jirani, anagonga kwa nguvu, anaita, "Amkeni! Amkeni, mto!" na mtu anauliza kwa usingizi, "King'ora kimelia?" na mama anajibu kitu ambacho sikukishika. Miguu ikakimbia kuteremka. Mlango mmoja ukafunguliwa, mingine haikufunguliwa. Halafu sauti yake ikawa mbali.

Simu yake ameisahau, iko hapa mezani, inachajiwa.

Kwa hiyo nimekaa. Mdogo wangu anakoroma kidogo, amekumbatia kopo lake. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika nasikiliza. Kutoka hapa dirishani naona kilima, na juu yake dirisha la ofisi, na ndani ya giza la ofisi kuna nukta moja ya kijani. Ni kisanduku. Kinawaka vizuri sana. Ruta inakiuliza, kinajibu. Inakiuliza, kinajibu.

Chini ya kilima kulikuwa na taa ya nyumba ya pampu. Nilipoanza kuandika ukurasa huu ilikuwepo. Sasa siioni, na mngurumo wa pampu umeacha. Labda baba ameizima mwenyewe. Mpango unasema hivyo: anazima pampu, anapanda ngazi. Labda mjomba amefika, amemwamsha, wanapanda sasa hivi, mmoja mbele mmoja nyuma, wanataniana, baba anashika goti.

Na pampu ikiwa kimya hivi, ningesikia hata mawe. Siyasikii.

Nimemwandikia baba. Najua wai-fai ya ofisi haina kitu cha kumpelekea. Nimemwandikia hivyohivyo, kwa sababu ndivyo ninavyojua kuongea.

*Baba, usingoje king'ora. Hakitalia. Vaa viatu upande juu. Mama yuko njiani. Ukifika sehemu yenye mtandao nijibu, hata neno moja.*

Tiki moja, haujamfikia. Nimeilaza simu kifudifudi mezani. Nimeigeuza. Moja.